"Hakuna shida" ya Dongguan na "ndiyo au hapana" ya Ohio

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, ninaishi Columbus, Ohio, na ni mratibu wa miradi katika kampuni ndogo ya Wamarekani inayobuni vifaa vya kupimia unyevu wa udongo mashambani. Vinatengenezwa na kiwanda kimoja cha Dongguan, China. Kila Jumanne saa tatu asubuhi tuna kikao cha video, na kila nikiuliza kama tutawahi tarehe, jibu ni 'hakuna shida'. Kisha tarehe inapita. Sasa tumechelewa wiki tatu na kasha la plastiki bado linavuja maji. Wiki iliyopita bosi wangu alimbana mhandisi wao, dada mdogo tu, mbele ya mkuu wake: 'Litavuja au halitavuja? Ndiyo au hapana?' Akajibu halitavuja. Tangu siku hiyo hajibu hata ujumbe wangu. Bosi anasema Wachina ni waongo, na anataka kuandika barua pepe yenye orodha ya makosa yao yote, nakala kwa kila mtu hadi mwenye kiwanda. Meneja wao wa mauzo naye ananiambia pembeni kwamba Wamarekani hawana adabu. Niko katikati, na kila mmoja anadhani niko upande wake. Je, hawa watu wanatudanganya? Na mimi nifanyeje bila kupoteza kazi?"

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishtua si hizo wiki tatu. Ni huyo dada aliyenyamaza. Wiki tatu kiwanda kinaweza kuzifidia kwa kufanya kazi usiku, lakini mhandisi aliyefunga mdomo hafidiwi hivyo, maana katika yote uliyonisimulia yeye ndiye anayejua kasha linavujia wapi na kwa nini.

Kwa haya uliyoniandikia, sioni mtu anayekudanganya. Ninachokiona ni habari mbaya iliyozunguka kiwandani wiki nyingi ikitafuta mlango wa kutokea, na kila mlango iliyoukuta ulikuwa umefungwa. Wa mwisho ameufunga bosi wako Jumanne ile. Nitakueleza kwa nini nasema hivyo, tutazame unachoweza kufanya, na nitakutajia pia dalili ambazo ukiziona uniache mimi na maneno yangu ukamtafute mwanasheria.

Mimi nilisoma uhandisi Wuhan, kisha nikafanya kazi miaka kumi na moja Shenzhen, katika ofisi iliyosimama baina ya viwanda vya Guangdong, mkoa ule ule wa Dongguan, na wanunuzi wa Marekani. Kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo yako, kukaa katikati, kwa hiyo ninayokwambia nimeyapitia.

Tuanze na hilo neno "hakuna shida". Kwa Kichina ni mei wenti, na hulitumia kwa wepesi kama sisi tunavyosema "haya". Mbele ya mteja, mei wenti inaweza kuwa "tumekusikia", au "kazi yako tunaitaka", au "tutaanza na mengine tutayaona mbele kwa mbele". Maana ya "nimepiga hesabu na tarehe 14 mzigo uko bandarini" nayo imo, lakini huitambui kwa neno lenyewe. Unaitambua kwa kinachofuata. Meneja aliyepiga hesabu atakwambia bila kuulizwa kwamba plastiki inafika Alhamisi na mashine imeshatengwa. Asiyepiga hesabu ataishia kwenye mei wenti.

Kukataa nako kuna maneno yake. Ukisikia jinliang, yaani "tutajitahidi", jua tarehe hiyo ina mashaka. Ukisikia yanjiu yanjiu, "tutalichunguza", mara nyingi jambo limefungiwa kabatini. Na ukisikia you dian kunnan, "kuna ugumu kidogo", simamisha kikao, kwa sababu umeambiwa "haiwezekani" kwa sauti kubwa kuliko zote ambazo adabu ya mezani inaziruhusu.

Hilo la mwisho nililijua kwa gharama. Tulikuwa Foshan, katika kiwanda cha koki za bafuni, na mteja wa Kimarekani alitaka utando wa kromu nyeusi badala ya ile nyeupe, kwa bei ile ile na muda ule ule. Mkuu wa idara ya kromu, mzee mpole sana, alitazama sampuli, akavuta pumzi kupitia menoni, akasema you dian kunnan. Mimi nikatafsiri neno kwa neno: kuna ugumu kidogo. Mmarekani akafurahi. Kwake kidogo ni kidogo, na ugumu mdogo ni kitu ambacho watu hukitatua wakaendelea. Akasema vizuri sana, basi tuendelee. Mzee akanitazama mimi, si yeye, wala hakurudia. Mzigo ulifika Marekani, na ndani ya miezi miwili kromu ikaanza kubanduka. Koki zaidi ya elfu moja zikatupwa. Tafsiri yangu ilikuwa sahihi kwa kamusi na mbovu kwa kazi. Ningesema tu, "Anakwambia haiwezekani, tumuulize angehitaji nini ili iwezekane," yule mzee alikuwa na jibu mdomoni: siku kumi zaidi na bei juu kidogo. Alikuja kuniambia mwenyewe tukinywa chai, wakati hasara imeshaingia.

Wewe umekulia Tanzania, kwa hiyo jambo hili si geni kwako kama linavyoonekana ukiwa Ohio. Fundi cherehani akikwambia "usijali dada, Ijumaa", hukai ukasubiri Ijumaa. Jumatano unapita dukani kwake kama unasalimia tu, unaangalia kama kitambaa kimeshakatwa. Hujamwita mwongo, na gauni unalipata. Ujuzi huo unao, lakini naona umeuacha mlangoni kwa sababu kazini mnazungumza Kiingereza. Urudishe. Ila usidhani kwamba kwa kuwa na sisi tunasitiriana, basi Wachina umeshawaelewa. Kwao sitara imeshikana na ngazi za kazi kwa nguvu ambayo wengi wetu hatujaizoea.

Kwa Kichina wanaiita mianzi, yaani uso. Watu huieleza kama majivuno, na hapo wanapotea. Kiswahili kina neno linalokaribia zaidi: kuumbuka. Mianzi ni kutoumbuka mbele ya watu unaofanya kazi nao, na si mali ya mtu mmoja. Bosi wako alipouliza "ndiyo au hapana", alimwekea yule dada majibu mawili mezani, na yote mawili yalikuwa mabaya. Akisema litavuja, anamwumbua mkuu wake mbele ya mteja, kwa kuwa mkuu ndiye aliyeahidi. Akisema halitavuja, anasema asilolijua. Akachagua lile ambalo lingemuumiza yeye peke yake. Mimi siwezi kumwita mwongo mtu aliyefanya hivyo. Na sasa ananyamaza kwa sababu kila atakachokuandikia kuhusu kasha kitasomeka kama kukiri kwamba siku ile alidanganya.

Tazama pia ni nani anayekujibu vikaoni. Ni meneja wa mauzo. Huyo hana mashine hata moja. Anayepanga mashine ni mkuu wa uzalishaji, na anayeamua kazi ya nani itangulie ni laoban, mwenye kiwanda. Tarehe unayopewa Jumanne ni tarehe ambayo mtu wa mauzo anaiombea dua. Na hapa niseme jambo ambalo washauri wengi wa tamaduni hulipita haraka: nusu ya kinachoitwa utamaduni ni foleni ya mashine. Kampuni yenu ni ndogo. Oda yenu ikiwa vipande elfu chache, na mteja mkubwa akaleta oda ya laki mbili, kalibu lenu, yaani lile umbo la chuma linalomiminiwa plastiki ya kasha, litashushwa kwenye mashine na la kwake litapandishwa. Hata kiwanda cha Wamarekani watupu kingeweza kufanya hivyo. Tofauti ni kwamba Mmarekani angekupigia simu akueleze, na pengine akutoze fedha ukitaka kurudishwa mbele. Wa Dongguan anaona kukwambia umeshushwa ni kukuambia huna thamani, basi anakusitiri. Anakusitiri wewe, mdogo wangu, na wewe unaliita jambo hilo uongo.

Sasa nimtetee bosi wako, maana katika barua yako hana wa kumtetea. Marekani watu hufanya biashara na wasiowajua, kutoka majimbo ya mbali, na huenda wasionane tena. Kinachowaunganisha ni karatasi na neno lililosemwa wazi. Alivyolelewa yeye kikazi, kumwambia mtu tatizo usoni ni kumheshimu kama mtu mzima, na anayesema mapema "nitachelewa" hapungukiwi heshima, anaongezewa. Meneja wa mauzo anayelalamika kwako kuhusu adabu hajawahi kuelezwa hilo. Tena bosi wako amebanwa kwelikweli: mahindi ya Ohio hupandwa Aprili na Mei, na mkulima asiyekuwa na kifaa kufikia wakati huo hana haja nacho mwaka huo.

Usikubali kabisa ile hadithi kwamba Wamarekani husema wazi na Wachina husema kwa mafumbo. Sikiliza bosi wako anavyokosoa kazi: huanza na "kazi nzuri sana", ndipo linakuja "lakini". Mhandisi wa Kichina anayesikiliza Kiingereza kupitia spika mbovu hulishika la kwanza, na "lakini" linampita. Kwa upande mwingine, keti na mhandisi huyo huyo wawili tu juu ya mchoro, bila wakubwa, atakwambia mchoro wako ni mbaya bila kupepesa macho. Kwake uwazi unategemea chumba na waliomo. Ukilishika hilo, umeshika sehemu kubwa ya kazi yako.

Nyinyi mmechagua chumba kibaya, na saa mbaya. Saa tatu asubuhi ya Columbus ni saa tatu usiku Dongguan. China haibadilishi saa, kwa hiyo Marekani ikirudisha saa zake nyuma mwanzoni mwa Novemba, kikao chenu kitakuwa saa nne usiku kwao. Watu walioingia kazini asubuhi wanawasikiliza kwa lugha ya kigeni wakati ambao watoto wao wameshalala. Je, kuna aliyewahi kuwauliza? Lenovo ya Beijing iliponunua kitengo cha kompyuta binafsi cha IBM mwaka 2005, ilifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kampuni, na Yang Yuanqing, mmoja wa wakuu wake, akahamishia familia yake North Carolina ili aishi ndani ya lugha ya watu aliokuwa akifanya nao kazi. Kampuni yenu haina fedha za kumhamisha mtu, lakini inaweza kuhamisha saa. Jumanne moja muamke nyinyi mapema, inayofuata mkae nyinyi hadi saa mbili usiku, ambayo kwao ni saa mbili asubuhi ya kesho yake. Bosi akigoma, mwambie atapata majibu bora kwa mtu asiyesinzia.

Kalenda nayo ni hivyo. Oktoba 1 hadi 7 ni likizo ya taifa, kiwanda kitafungwa. Sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina itaangukia 6 Februari 2027, na usiidanganye nafsi yako kwamba ni wiki moja. Vibarua wa Dongguan wengi ni wa mikoa ya mbali; huanza kuondoka wiki moja au mbili kabla, na baadhi hawarudi kwenye kiwanda kile kile. Mzigo wa meli kutoka bandari ya Yantian, Shenzhen, hadi ghala la Ohio huchukua mwezi na zaidi. Hesabu kurudi nyuma kutoka Aprili, utaona kwamba tarehe yenu halisi iko katikati ya Januari. Mpelekee bosi wako hesabu hiyo kwenye karatasi moja, leo.

Kuhusu mkataba, bosi wako huenda anasema "wamesaini, basi imekwisha", na kiwanda kinaona kusaini ndiyo mwanzo wa kufahamiana. Mgongano huu ni wa zamani. Mwaka 1983 kampuni ya American Motors ilisaini ubia na kiwanda cha magari cha Beijing. Wachina walitaka gari jipya aina ya Jeep lenye turubai juu, linalofaa jeshi lao. Wamarekani walitaka kuunganisha Jeep yao iitwayo Cherokee kwa vipuri vitokavyo Marekani. Kila upande ulitoka mezani ukiamini umekubaliwa. Kufika 1986 mvutano juu ya fedha za kigeni za kulipia vipuri ulikuwa umepanda hadi kwa viongozi wa juu wa serikali. Jeep ya turubai haikutoka. Cherokee zilitoka kwa miaka mingi. Watu husimulia kisa hiki kuonyesha kwamba Wachina hawaheshimu mikataba. Mimi ninachokiona humo ni kwamba pande mbili zilisaini neno moja lenye maana mbili.

Na hapo naomba usimame kidogo, kwa sababu nadhani hata kasha lenu lina ugonjwa huo. Mkataba wenu unasemaje kuhusu maji? Kama unasema "lisivuje" tu, mmeshaandika ugomvi. Kiwanda huenda kinalinyunyizia kasha maji, halipitishi, na kwa haki kabisa kinasema halivuji. Nyinyi mnalizika udongoni, mvua inatuama wiki nzima, linaingiza maji. Kuna kipimo cha kimataifa kiitwacho IP67: kifaa hakiruhusiwi kuingiza vumbi, wala kuingiza maji ya kukidhuru kikizamishwa kina cha mita moja kwa dakika 30. Kama mnachotaka ni hicho, kiandikwe hivyo, pamoja na idadi ya vifaa vitakavyopimwa katika kila kundi na nani anapima. Huenda yule dada alipojibu "halitavuja" alikuwa anajibu kipimo cha kwao, na bosi akauliza cha kwenu.

Sasa barua pepe ya bosi. Ina faida moja ya kweli, nayo ni kumbukumbu: mkifika kwenye madai, mtahitaji maandishi. Basi iandikwe, lakini si ile anayoitaka. Iandike wewe. Weka tarehe, namba na picha, bila jina la mtu na bila neno "mmeshindwa". Mpelekee kwanza meneja wa mauzo, umpe siku mbili, kisha ndipo imfikie laoban, ikiwezekana kwa mkono wa huyo huyo meneja. Akiipeleka yeye, ni mtu aliyegundua tatizo na kulileta. Akiikuta imeshafika kwa mwenye kiwanda, ameumbuka, na kuanzia hapo ataitumia akili yake yote kujikinga. Mtapata majibu marefu yasiyo na kitu ndani.

Njia ya pili ndiyo nadhani umeanza kuifuata bila kujua: kulainisha kila kitu. Bosi akifoka, unafikisha ombi la upole. Dongguan wakisema ugumu kidogo, unafikisha "wanalishughulikia". Inaleta amani ya wiki mbili tatu, lakini sikushauri. Siku mambo yakiharibika, pande zote zitaona kwamba aliyewaficha ni wewe, na zitakuwa na haki. Zile siri za pembeni nazo zitakumaliza. Waambie wote wawili, kila mmoja kwa lugha yake, sentensi hii: "Ukiniambia jambo linalogusa tarehe, ubora au fedha, nitalifikisha, ila nitalifikisha kwa namna isiyokuumbua." Malalamiko ya adabu yasikie, yabaki kwako.

Ninayokushauri ni kutengeneza mlango wa habari mbaya, na unajengwa nje ya kikao. Jumapili yako saa mbili usiku, ambayo kwao ni Jumatatu asubuhi, zungumza kwa WeChat, mtandao wao wa ujumbe na simu, na mkuu wa uzalishaji, na dada yule akirejea, na yeye. Usiwalazimishe barua pepe wala nyaraka za Google. Huko Google imefungwa, na kazi nyingi ya kiwanda hupita WeChat. Uliza maswali yasiyojibika kwa mei wenti. Katika yaliyobaki, ni lipi linalokutia wasiwasi zaidi? Mpira wa kuzibia unatoka kwa nani, na umeshafika? Ukipewa wiki moja zaidi, ungebadilisha nini? Nipigie picha ya kalibu lilipo sasa. Swali la mwisho ni zuri kuliko yote, kwa sababu kalibu ama liko kwenye mashine ama liko rafuni, na picha haina haya.

Ukishalijua tatizo, mtafutie nafasi mwenye nalo alilete mwenyewe kikaoni, pamoja na suluhisho. Waandalie ajenda siku moja kabla, kwa Kiingereza na Kichina, wajue nini kitaulizwa na nani atajibu. Baada ya kikao andika muhtasari mfupi kwa lugha zote mbili: nani, nini, tarehe gani. Kisha mwombe bosi wako kitu kimoja tu, kwa mwezi mmoja: habari mbaya ya kwanza itakayoletwa kikaoni, aipokee kwa "asante kwa kutuambia mapema" kabla ya neno lingine lolote. Mweleze kwamba hilo ndilo litakalompa ule ukweli anaoutaka. Mameneja wa Kimarekani niliofanya nao kazi, wengi walikubali walipoona kinapunguza hasara. Mmoja hakukubali, na sikuweza kumsaidia.

Kabla ya kumimina kundi kubwa, tengenezeni sampuli ya muhuri, fengyang. Mnachukua kasha lililopita kipimo, mnalisaini pande zote mbili, moja linabaki kiwandani, moja linakuja Ohio. Ugomvi ukizuka, hambishani kwa maneno, mnaliweka mezani. Na salio la malipo lifungwe na kufaulu kipimo, si na tarehe ya kupakia meli.

Hata hivyo, safari moja kiwandani inashinda vikao ishirini. Mwombe bosi akutume, au aende mwenyewe nawe ukiwa pembeni. Mle nao chakula, tembeeni kwenye mashine, ulize mafundi majina yao. Huo ndio mwanzo wa guanxi, ambayo watu huichanganya na rushwa; kwa kweli iko karibu na kile tunachokiita kufaana, hesabu ya fadhila inayokumbukwa pande zote. Zawadi ndogo kutoka Ohio inatosha. Saa ya ukutani au ya mezani usipeleke, maana kwa Kichina "kumpa mtu saa" hutamkwa sawa na "kumzika mzazi".

Kama safari haiwezekani, kuna somo karibu nawe. Moraine, jirani na Dayton, kiwanda cha zamani cha General Motors kilichofungwa 2008 kilinunuliwa na Fuyao, kampuni ya Kichina ya vioo vya magari, kikafunguliwa rasmi 2016. Pale wakubwa ni Wachina na wafanyakazi wengi ni Wamarekani, na malalamiko yalikuwa yale yale yakiwa yamegeuzwa. Wafanyakazi walisema hawasikilizwi kuhusu usalama na kasi ya kazi. Viongozi waliona wanabishiwa sana. Novemba 2017 wafanyakazi walipiga kura juu ya chama cha wafanyakazi: 444 walikitaka, 868 walikikataa. Tafuta mtu aliyefanya kazi pale, umnunulie kahawa, umwache azungumze.

Sasa zile dalili. Utamaduni usitumike kufunika wizi. Wakikataa mkaguzi wa nje aliyelipwa na nyinyi, wakibadilisha aina ya plastiki bila kuwaambia, wakikuletea picha ya zamani kama ya leo, au mkigundua kazi imepelekwa kiwanda kingine kimyakimya, hapo hakuna mianzi ya kulinda. Na ukipokea ujumbe kwamba akaunti ya benki imebadilika, usilipe hata senti mpaka umempigia kwa video mtu unayemjua sura. Wezi wa mitandao huingilia mazungumzo ya namna hii kila siku.

Ukiona lolote kati ya hayo, au kabla ya kusaini mkataba mwingine, au mkifikiria kuhamisha kalibu, mtafute mwanasheria anayefanya kazi China. Mkataba uwe na maandishi ya Kichina, jina la kampuni lililosajiliwa kwa herufi zao pamoja na namba yake ya usajili yenye tarakimu na herufi 18, na muhuri mwekundu wa mviringo, gongzhang. Sahihi ya meneja wa mauzo peke yake haikutoshi. Iandikwe wazi kwamba kalibu ni mali yenu. Hukumu ya mahakama ya Ohio ni ngumu sana kutekelezwa China, kwa hiyo wengi huchagua usuluhishi, kwa kuwa nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa New York wa 1958 unaotambua maamuzi ya wasuluhishi. Haya si ya kujifunza kwa barua yangu. Lipa saa mbili za mwanasheria.

Na yule dada. Mwandikie leo, kabla ya Jumanne. Usimwombe radhi kwa niaba ya bosi, wala usiitaje siku ile. Ukiitaja utamrudisha pale pale mezani. Mwombe msaada wa kitaalamu. Mtumie picha ya kasha lililovuja, umwandikie kwa maneno mafupi kwamba unaona maji yanaingia upande wa tundu la waya, na ungependa kujua wao huwa wanapima vipi, kwa kunyunyizia au kwa kuzamisha. Huenda siku ya kwanza asijibu, au akajibu kwa picha tu bila neno. Ipokee, mshukuru, uliza linalofuata. Mtumie saa mbili usiku ya kwako, wakati kwake ni saa mbili asubuhi, mkuu wake hajaanza kuzunguka na yeye ndio kwanza anakaa mezani.